Barua ya wazi kwa wajumbe wa Kamati ya Hakimiliki ya WIPO: haki zinavuka mipaka, ruhusa zinakwama

Kwa:
Waheshimiwa Wajumbe,
Kamati ya Kudumu ya Hakimiliki na Hakishiriki,
Shirika la Miliki Ubunifu Duniani (WIPO),
Geneva, Uswisi.

YAH: MIPAKA NA VIGHAIRI VYA HAKIMILIKI KWA MAKTABA, HIFADHI ZA NYARAKA, MAKUMBUSHO, ELIMU NA UTAFITI

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima zote. Mimi ni mkutubi katika maktaba ya utafiti, na kazi yangu ya kila siku ni kuhudumia wasomaji wa mbali: watu wanaohitaji kitabu au nyaraka tuliyonayo lakini hawana uwezo wa kufika tulipo. Malalamiko yaliyomo katika barua hii si mapya kwenu. Nimeyapitisha kwenye njia zote zilizowekwa: chama cha taaluma yetu, ofisi ya hakimiliki, na maofisa wanaokuja kukaa katika ukumbi wenu kwa niaba ya nchi. Nyumbani naambiwa suala linajadiliwa Geneva. Geneva inasema kila nchi ina uhuru wa kutunga sheria yake. Tumepigwa danadana kiasi cha kutosha, na ndiyo sababu leo naandika hadharani.

Kwa faida ya wasomaji ambao si wanasheria, nieleze kidogo. Hakimiliki humpa mwandishi, na baada yake mchapishaji au warithi, uwezo wa kuzuia wengine wasinakili wala kusambaza kazi yake. Mipaka na vighairi ni ile sehemu ya sheria hiyohiyo inayotaja mambo ambayo mtu anaruhusiwa kuyafanya bila kibali: kunukuu, kufundishia, kunakili kitabu kinachooza ili kisipotee, kukigeuza kiwe cha nukta nundu kwa asiyeona. Ruhusa hizi zilikuwepo tangu mwanzo. Numa Droz, mwanasiasa wa Uswisi aliyeongoza mkutano wa mwaka 1884 ulioandaa Mkataba wa Berne, ule mkataba mkuu wa kimataifa wa hakimiliki, aliwaambia wajumbe wenzake kwamba maslahi ya umma yana haki ya kuuwekea mipaka ulinzi wa mwandishi. Mkataba uliposainiwa mwaka 1886 ulikuwa tayari na nafasi ya ruhusa za elimu. Ninachoomba, kwa hiyo, kina umri sawa na mkataba wenyewe.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Haki zimekuwa lazima, ruhusa zimeachwa hiari.

Chini ya Mkataba wa Berne, nchi mwanachama haina uchaguzi kuhusu muda wa ulinzi: uhai wote wa mwandishi na angalau miaka 50 baada ya kifo chake. Makubaliano ya TRIPS ya mwaka 1994, yanayohusu haki za miliki ubunifu katika biashara, yakaupa wajibu huo meno, kwa kuwa nchi isiyoutimiza inaweza kushtakiwa katika Shirika la Biashara Duniani. Ukija upande wa ruhusa, lugha inabadilika ghafla. Ni kunukuu tu, katika kifungu cha 10 cha Berne, ambako kumeandikwa kwa namna inayozibana nchi zote. Mengine karibu yote yameachiwa sheria za nchi: ikitaka itaweka, isipotaka basi.

Hata nchi inayotaka kuweka inawekewa kipimo. Mnamo 1967, katika marekebisho ya Stockholm, kikaingizwa kipimo cha hatua tatu: ruhusa iwe ya hali maalumu, isigongane na matumizi ya kawaida ya kazi, wala isiumize isivyo haki maslahi halali ya mwandishi. Mwanzo kilihusu haki ya kunakili peke yake. TRIPS, na baadaye Mkataba wa Hakimiliki wa WIPO wa mwaka 1996, vikakitandaza juu ya haki nyingine. Kwa hiyo tuna kiwango cha juu ambacho ruhusa haziwezi kukipita, na hatuna kiwango cha chini ambacho kila nchi lazima ikifikie. Mwaka 2000 jopo la Shirika la Biashara Duniani liliamua kwamba ruhusa iliyowekwa na Marekani kwa baa na migahawa kupiga muziki wa redio na televisheni bila malipo ilikiuka kipimo hicho. Nchi iliyotoa ruhusa kupita kiasi ilifikishwa mbele ya jopo. Nchi isiyoipa maktaba ruhusa yoyote haiwezi kufikishwa popote, kwa sababu hakuna wajibu iliouvunja.

Matokeo yake mnayo kwenye makabati yenu. Utafiti wa Profesa Kenneth Crews, uliofanywa kwa ombi la shirika lenu na kuwasilishwa mbele yenu mwaka 2015, ulipitia sheria za nchi 188. Kati ya hizo, 32 hazikuwa na kifungu hata kimoja cha kuziruhusu maktaba kunakili chochote. Na katika nyingi zilizobaki, vifungu viliandikwa enzi za mashine za fotokopi.

2. Nakala haiwezi kuvuka mpaka.

Hapa naomba mnisikilize kwa utulivu, kwa sababu ndipo ninapofanyia kazi.

Mtafiti wa nchi nyingine ananiandikia. Anataka sura moja ya ripoti ya udongo iliyochapishwa miongo mingi iliyopita, na amekwishatafuta kwingine akaikosa. Naitoa rafuni. Karatasi zimegeuka rangi ya kahawia na kingo zinamegeka mkononi. Gundi ya mgongoni imekauka, ukiifungua vibaya kurasa zinachomoka. Jina lililo kwenye ukurasa wa hakimiliki ni la taasisi iliyovunjwa zamani, na haijulikani nani alirithi mali zake. Sura yenyewe ina kurasa kumi na kitu. Kuiskani ni kazi ya dakika chache, nami nakuwa nimemaliza kabla ya chai.

Sheria inayonihusu inasema naweza kumpa msomaji nakala ya sehemu ya kitabu kwa ajili ya utafiti wake binafsi. Haisemi lolote kuhusu msomaji aliye nje ya nchi. Sheria ya huko aliko ina masharti yake, na haisemi lolote kuhusu nakala iliyotengenezwa nje. Mwanasheria wa taasisi, ambaye simlaumu kwa kuwa analipwa kutuepusha na kesi, ananiambia nisitume. Namwandikia mtafiti barua pepe ya kumwomba radhi. Angekuwa na nauli na viza, angeingia ukumbini, angekaa meza ya tatu, na ningempa kurasa zilezile bila tatizo lolote la kisheria. Kilichopungua ni nauli. Mwandishi hakulindwa na chochote, maana hapakuwa na nakala inayouzwa wala mtu wa kulipwa.

Waheshimiwa, hili si tatizo la mtu mmoja mmoja. Historia za mataifa mengi zimelala katika hifadhi za mataifa mengine, kwa sababu za utawala, vita na biashara mnazozijua. Kanda, picha na barua zinazomhusu mtu ziko mahali ambapo babu zake hawakuwahi kukanyaga. Mjukuu akitaka kusikiliza sauti iliyorekodiwa kijijini kwao, anategemea sheria mbili zinazotazamana bila kusemezana. Hakuna nchi, hata iwe na nia njema kiasi gani, inayoweza kulitatua jambo hili peke yake, kwa sababu sheria ya nchi inaishia kwenye mpaka wa nchi. Hili ni la kwenu.

3. Kuhifadhi kunasubiri hasara itokee kwanza.

Filamu za zamani za asetati zikianza kuoza hutoa harufu kali ya siki. Ukiisikia harufu hiyo ghalani unajua saa imeanza kukimbia, kwa kuwa uozo huo huchochea uozo zaidi, na hurukia makopo ya jirani. Kanda za sumaku nazo zina ugonjwa wao, na mashine za kuzisomea zinazidi kuadimika. Katika hali hiyo, nchi nyingi zinaruhusu nakala ya kuchukua nafasi ya kitu kilichokwisha kupotea au kuharibika. Mtu atanakili vipi kitu kilichokwisha kupotea?

Septemba 2018 Makumbusho ya Taifa ya Brazil, Rio de Janeiro, yaliteketea, na moto ulichukua pia rekodi za lugha za wenyeji. Tarehe 18 Aprili 2021 moto ulioanzia mlimani uliingia Maktaba ya Jagger ya Chuo Kikuu cha Cape Town na kuunguza sehemu kubwa ya mkusanyiko wa Masomo ya Afrika uliokuwa humo. Sisemi mioto hiyo ililetwa na hakimiliki. Ninachosema ni kwamba moto ukishawaka, kinachobaki ni kile kilichonakiliwa jana yake, na nakala hiyo kuwekwa mbali, pengine nchi nyingine kabisa. Sheria inayomfanya mhifadhi asite kunakili mapema inaongeza hasara.

Umoja wa Ulaya uliliona hilo. Maelekezo yake ya mwaka 2019 kuhusu hakimiliki yanazilazimisha nchi wanachama wote kuziruhusu maktaba, hifadhi za nyaraka na makumbusho kunakili kwa ajili ya uhifadhi, kwa umbo lolote. Ni kifungu cha 6, mnaweza kukisoma kwa dakika moja. Baadhi ya wajumbe wanaotoka katika nchi hizohizo huja kwenu kusema kwamba wajibu wa aina hiyo kimataifa hauna haja. Naomba watueleze kwa nini ni jambo jema kwao na si kwa wengine.

4. Leseni zinafuta kile ambacho sheria imetoa.

Vitabu na majarida ya kielektroniki maktaba haivinunui kwa maana ya zamani. Inaruhusiwa kuvitumia kwa mkataba, na mkataba huo huandikwa na muuzaji. Ndani yake kuna sharti kwamba usimtumie msomaji wa maktaba nyingine, au usihifadhi nakala muda wa leseni ukiisha, au usichambue maandishi kwa kompyuta. Bunge limeruhusu, karatasi ya muuzaji inakataza, na anayeshinda ni muuzaji. Juu ya hapo kuna kufuli za kidijitali, yaani programu zinazozuia kufungua au kunakili. Mkataba wa Hakimiliki wa WIPO wa mwaka 1996 unazitaka nchi kuzilinda kisheria kufuli hizo, bila kuzilazimisha kumpatia ufunguo mwenye ruhusa halali ya kuingia. Uingereza mwaka 2014 na Singapore mwaka 2021 zilitunga vifungu vinavyosema baadhi ya ruhusa haziwezi kufutwa na mkataba wa kibiashara, kwa hiyo jambo hili linaandikika.

5. Muda unapigwa kalenda.

Chile ilileta hoja hii kwenye Kamati yenu mwaka 2004. Mwaka 2012 Mkutano Mkuu wa WIPO ukaipa Kamati jukumu la kufanya kazi kuelekea chombo cha kisheria cha kimataifa, iwe mkataba, sheria ya mfano au umbo lingine. Mwaka 2019 mkazunguka kwa semina Singapore, Nairobi na Santo Domingo, kisha mkutano mkubwa Geneva. Machi 2023 mkapitisha mpango kazi uliopendekezwa na Kundi la Afrika. Tangu hoja ya Chile ifike mezani, mtoto aliyezaliwa mwaka ule amemaliza chuo kikuu. Tafiti mmeziagiza, wataalamu mmewasikiliza, rasimu zipo. Kilichokosekana ni kukaa na kuandika.

Najua majibu yatakayotolewa, kwa kuwa tumeyasikia mara nyingi. Acha niyajibu hapahapa.

Mtasema sheria za nchi zinatosha, zitumie nafasi zilizopo. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Delhi iliamua kwamba kuwanakilia wanafunzi wa chuo kikuu sehemu za vitabu vya kozi kunaingia ndani ya ruhusa ya elimu katika sheria ya India, na mwaka uliofuata wachapishaji walioshtaki wakaiondoa kesi. Uamuzi mzuri, na nawapongeza waliousimamia. Lakini kesi ile ilianza mwaka 2012. Ilihitaji chuo kikuu kikubwa, mawakili na uvumilivu wa miaka. Mwalimu anayefundisha mtandaoni darasa lenye wanafunzi wa nchi nne hawezi kuubeba uamuzi wa Delhi mfukoni.

Kuhusu leseni, wengine watasema ndizo suluhisho. Leseni inahitaji mtu wa kuitoa. Ile ripoti ya udongo haina mtu.

Wapo watakaotaja kiambatisho cha Berne cha mwaka 1971 kwa ajili ya nchi zinazoendelea. Kinadai kusubiri miaka kadhaa kabla ya kuomba leseni ya kunakili au kutafsiri, kisha notisi, kisha muda mwingine wa kungoja, na nchi chache mno ndizo zilizowahi kukitumia. Tusipotezeane muda nacho.

Kubwa zaidi ni hoja ya kuwaumiza waandishi, na hii siibezi hata kidogo. Maktaba ndiyo mteja wa uhakika wa vitabu ambavyo hakuna duka linaloviweka, na mwandishi asiyelipwa hataandika kitabu cha pili. Hatuombi kuskani riwaya mpya na kuigawa bure. Tunaomba sehemu ya kitabu kwa mtafiti, nakala ya akiba kwa kitu kinachooza, na ufundishaji ndani ya darasa, hata kama darasa liko mtandaoni. Kipimo cha hatua tatu kitabaki palepale kumlinda mwandishi. Tena waandishi wenyewe ni wasomaji wetu wakubwa. Mwanahistoria haandiki kabla hajasoma, na akifa, ni hifadhi ya nyaraka itakayotunza miswada yake.

Hivi karibuni limeongezeka jingine: tusubiri kwanza tuelewe akili mnemba itaupeleka wapi ulimwengu. Mjadala huo ni mzito na unastahili meza yake. Nakala ya filamu inayonuka siki haihusiani nao.

La mwisho ni kwamba hakuna maafikiano. Mwaka 2009 Brazil, Ecuador na Paraguay zilileta rasimu ya mkataba wa vitabu kwa wasioona, iliyoandaliwa na Umoja wa Wasioona Duniani, na hoja zilezile zikatajwa: leseni zitatosha, waandishi wataumia. Tarehe 27 Juni 2013 Mkataba wa Marrakesh ukapitishwa. Miaka 3 baadaye nchi ya 20, Kanada, ikauridhia, na ukaanza kufanya kazi tarehe 30 Septemba 2016. Unazilazimisha nchi kuweka ruhusa ya kutengeneza vitabu vinavyosomeka kwa wasioona, unaruhusu nakala hizo kuvuka mipaka, na unagusa hata kufuli za kidijitali. Mwaka 2022 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, katika kesi iliyoletwa na chama cha wasioona, iliamua kwamba sheria ya hakimiliki ya nchi hiyo ya mwaka 1978 ilikiuka katiba kwa kuwanyima vitabu watu hao. Soko la vitabu halikuanguka. Na mwezi Mei 2024 WIPO hiyohiyo ilipitisha mkataba kuhusu rasilimali za kijenetiki na maarifa ya jadi, baada ya zaidi ya miongo miwili ya mabishano. Maafikiano yanapatikana pale wajumbe wanapoagizwa kuyatafuta.

Kwa hiyo, waheshimiwa, naomba yafuatayo.

Katika kikao chenu kijacho, tangazeni tarehe ya kuanza kujadili maandishi, kifungu kwa kifungu, badala ya kuagiza utafiti mwingine. Maandishi hayo yaweke kiwango cha chini ambacho kila nchi italazimika kukifikia: kunakili kwa ajili ya uhifadhi kabla kitu hakijaharibika, kumpa mtafiti na mwanafunzi nakala ya sehemu ya kazi, na kufundisha ikiwemo mtandaoni. Yaseme wazi kwamba nakala iliyotengenezwa kihalali katika nchi moja inaweza kupokelewa kihalali katika nchi nyingine. Yakataze mkataba wa leseni kufuta ruhusa hizo, na yatoe njia ya kupita kwenye kufuli za kidijitali kwa mwenye haki ya kupita. Yamkinge na adhabu mkutubi au mhifadhi aliyetenda kwa nia njema akiamini anafuata sheria. Ikiwa mkataba kamili utachukua muda, anzeni na uhifadhi na uvushaji wa mipaka, ambako sijaona mtu akionyesha ni senti gani ya mwandishi inayopotea.

Na ujumbe wa nchi utakaopinga uandike sababu zake kwa jina la nchi, kuhusu kifungu gani hasa, ziwekwe wazi tuzisome. Sisi tunaowaandikia wasomaji barua za kuwanyima tunasaini majina yetu.

Nakala ya barua hii nimeituma kwa ofisi ya hakimiliki na kwa ujumbe wa nchi yangu Geneva. Nasubiri jibu la maandishi kabla ya kikao kufunguliwa.

Wenu katika kazi,

Mkutubi, huduma za wasomaji wa mbali